Kila Rangi na Mjane Wake

Nilimvua baba yangu mwanamuke kitambaa cha kichwa mbele ya watu wote, siku ya sikukuu ya parokia, mtoto akiwa mgongoni kwangu na sahani ya bukari, ugali wetu, ikiwa bado katika mkono wa kushoto. Baba mwanamuke ni dada ya baba mzazi. Sisi Waluba wa Kasai, hata tuliozaliwa Katuba, hapa Lubumbashi, na Kasai yenyewe hatujawahi kuiona, kwetu huyo si shangazi wa kupewa zawadi na kusahauliwa. Ni baba. Ukipita mbele yake unainama, na akikulaani, wanasema, laana inafika nyumbani kabla yako. Mimi siku ile sikuinama. Nilivuta.

Alikuwa ameketi kwenye meza ndefu ya wamama wa comité, kamati ya parokia, chini ya hema, na nilikwenda kumsalimia kwa heshima kama nilivyofunzwa. Nilikuwa nimeshakunja goti nusu ndipo nikaviona: viti vidogo vya njano vilivyochapwa juu ya kitambaa cha kijani, vimepangwa mstari kwa mstari kuzunguka paji la uso wake. Na juu ya sikio la kuume, msalaba mdogo wa uzi wa dhahabu. Kikwembe, yaani kitenge, kinaweza kufanana na kikwembe kingine, soko limejaa mapacha wa namna hiyo. Lakini msalaba ule ni mmoja tu duniani. Ninajua kilicho chini yake: tundu lililochomwa na cheche ya makaa kutoka kwenye pasi ya mama yangu.

“Baba, hii fulari ulitosha wapi?” nikamuuliza alikokitoa kitambaa kile.

Akajigusa kichwani, akawatazama wenzake kwanza. “Mupe alitugawanyia. Bintu ya zamani ya kanisa, ilikuwa inakuliwa tu na mende.” Mupe ni padri, ndivyo tunavyomwita Lubumbashi. Kisha akanigeukia mimi. “Ona sasa. Mwisho imerudia kwa mwenyewe.”

Wanaosimulia habari hii mtaani wanaruka hapo. Wanaanza na mkono wangu. Wanasema msichana wa leo hana adabu, ameharibiwa na shule, na hata hiyo shule aliishia sekondari. Hakuna anayetaja maneno “kwa mwenyewe”. Mimi nayataja, kwa sababu ndiyo yaliyovuta kitambaa. Sahani ilianguka, sombe, mboga ya majani ya mihogo, ikaruka kwenye viatu vya mama mmoja, na kichwa cha baba mwanamuke kikabaki wazi, mvi zimelala upande mmoja. Kwa mwanamke wa umri wake ni kama kuvuliwa nguo. Najua. Nilijua wakati ule ule. Mwanangu Ngalula hakulia. Alinyoosha mkono juu ya bega langu, akashika ncha ya kitambaa, akakitia mdomoni.

Nikaondoka nacho. Nilipofika kona ya nyumbani nikakinusa, nikasimama. Kilikuwa na harufu ya naftalini, ya ubani, na chini yake jasho la zamani la mapadri, lile lisilotoka hata ufue kwa sabuni gani. Nikarudi mtoto papo hapo, katikati ya barabara, pikipiki zikinipigia honi.

Nilikuwa wa umri ule wa kutumwa maji lakini si wa kubebeshwa ndoo iliyojaa. Baba alikuwa akisafiri na malori yanayoleta mahindi kutoka Lukafu, alirudi na homa, na homa ikabaki naye mpaka ikamuua. Wenye umri wangu mnajua kilio cha msiba kilivyo nyumbani kwenu mkiwa wadogo: kwanza ni sherehe. Kuna sufuria kubwa, kuna binamu usiowajua, hakuna anayekuuliza kama umenawa. Mama alikuwa ameketi chini chumbani, juu ya mkeka, bila viatu, bila kuruhusiwa kusema kwa sauti. Mimi nilikaa mlangoni, mahali ambapo niliona ndani na nje.

Na kutoka mlangoni pale niliona nyumba yetu ikitoka. Radio ilitoka kwanza, chini ya kwapa la baba mdogo. Godoro likafuata, limekunjwa na kufungwa kamba. Kisha frigo, ambayo haikuwa inagandisha kitu, mama aliwekea mchele ndani ili panya wasifike. Hata beseni nililoogeshwa likatoka, mtu kalivaa kichwani kama kofia. Kila aliyepita na kitu alisema neno moja, bila kumtazama mama: “Ni ya mukubwa wetu.” Ni ya kaka yetu. Sikuelewa habari ya urithi, wala ndoa, wala ukoo. Nilielewa jambo moja tu, jepesi, na nikalishika kama sheria ya shule: mtu anayetoka kwenye nyumba ya kilio na kitu mkononi amekuja kutuchukulia.

Asubuhi moja akaja mupe wa wakati ule. Alikuwa mtu mrefu, kanzu yake nyeupe ina vumbi jekundu kwenye upindo. Akasali, akanyunyiza maji pembe zote za nyumba ambazo zilikuwa zimebaki tupu, akaingia chumbani kwa mama na mlango ukarudishwa. Alipotoka alikuwa na mfuko mweusi wa plastiki, wa kubebea mboga, ameubana kwapani. Hakumtazama mtu. Nikamhesabu pamoja na wengine.

Baba mwanamuke alichelewa kufika kwa sababu alitaka malle, sanduku la chuma la vikwembe vya mama, na malle haikimbii. Akalifungua mbele ya wanawake wote. Akatoa kimoja kimoja, akikipiga kofi kama mtu anayeamsha mtoto, akikitaja jina lake la sokoni. Vyote akaviweka upande wake. Akafika chini ya sanduku, akalisukuma.

“Iko wapi kile kikwembe ya ndoa?” akasema. “Sitoki Hapa. Nilikichaguaka miye, na macho yangu, ku duka ya mujini.”

Kilikuwa na jina hilo kwa sababu ya viti. Wanawake wa soko walikiona siku kilipofika, viti vya njano vimekaa imara juu ya kijani, wakakibatiza: Sitoki Hapa. Mwanamke alikivaa ili wakwe wasome. Mama alikuwa amekivaa siku ya ndoa na siku ya ubatizo wangu, na asubuhi ya ubatizo ndipo cheche iliruka kutoka kwenye pasi. Kabla ya hapo na baada ya hapo kilikaa ndani ya malle kama mtu anayengoja kuitwa.

“Iko kwa Mungu,” mama akajibu kutoka mkekani.

Baba mwanamuke akatafuta ndani ya mito, chini ya mkeka, akaninyanyua mimi aangalie nilichokalia. Mimi nilikuwa nalia kwa sababu nilikuwa nimeelewa: kwa Mungu ndiko walikosema baba amekwenda. Basi kikwembe nacho kimekufa. Nilijiuliza kama kilikuwa na homa.

Tulibaki na kuta. Mama alianza kuuza unga wa mihogo kwa vikopo, akavaa blauzi moja nyeusi, na kila dimanche, yaani Jumapili, tukaenda kanisani kwa miguu. Zilikuwa wiki za Kwaresima, mupe alivaa zambarau. Pasaka akavaa nyeupe yenye dhahabu. Siku ya moto wa Roho Mtakatifu akavaa nyekundu. Mimi nilikuwa natazama vile watoto wanavyotazama, yaani vitu vyote sawa: vazi, nzi, kisigino kilichopasuka cha bibi aliyepiga magoti mbele yangu.

Kisha sikukuu zikaisha, ikaanza misimu ile mirefu ya kawaida, ya mavazi ya kijani. Mupe akatoka sakristia nyuma ya wavulana wa mishumaa, na mwili wake wote ulikuwa umejaa viti vya njano.

Kilikuwa kimeshonwa kasula, lile vazi pana la juu ambalo padri anavaa kwa misa na ambalo wengi wetu tunaliita chasuble. Kifuani kilikuwa na ukanda mweupe. Alipogeukia altare nikaona mgongoni, mahali pa tundu, msalaba mdogo wa dhahabu. Nilimtazama mama nione kama atapiga kelele. Mama alikuwa ameinua kidevu, macho yamekauka, midomo imefungwa kama ya mtu anayeshikilia sindano kwa meno. Nikafikiri: anaogopa. Kwa hiyo kikwembe hakikufa. Kilitoka ndani ya ule mfuko mweusi. Na aliyekibeba amekuja kukivaa mbele yetu, kwa nyimbo.

Hapo rangi zote za kanisa zikapata maana. Kama kijani kilikuwa cha mama, basi zambarau ilikuwa ya nani? Sikutafuta sana. Ilikuwa ya mama wa mapacha aliyeuza makaa nyuma ya soko, ambaye bwana yake dereva alikuwa amekufa kabla ya mvua. Ndiyo maana katika zambarau alilia zaidi ya wote. Nyekundu ilikuwa ya mjane wa askari, upande wa barabara ya Kasapa, jambo lililokuwa wazi kabisa kwa sababu ya damu. Nyeupe ya dhahabu ilikuwa ya tajiri, mjane wa mjini kwenye mabanki, ambaye hakuwa anakuja kwenye parokia yetu, na nikamsamehe kutokuja: nani angependa kuja kuona? Dimanche moja mlango wa sakristia ulibaki wazi nusu, nikaona kabati. Rangi zote zilikuwa zimetundikwa mstari mmoja, mikono imelegea. Mupe alishika ule mshipi mrefu wa shingoni, stola, akaubusu kabla ya kuuvaa. Nikaona aibu kwa ajili yake. Hata mwizi, nikafikiri, anaomba samahani kidogo kabla ya kuvaa.

Msinicheke. Au mcheke, lakini mniambie ni wapi nilikosa. Watu wazima wote niliowajua walikuwa wameingia nyumbani kwetu mikono mitupu na kutoka mikono imejaa. Ningeanzia wapi kudhani kuna mmoja alitoka na kitu kwa sababu alipewa?

Nilivumilia kijani mpaka nikashindwa. Ilikuwa wakati wa sadaka, mupe ameinua mikono, na alipoinua mikono viti vilinyooshwa kama mabawa. Nikatoka kwenye benchi. Nilisikia vidole vya mama vikigusa gauni langu, lakini havikushika. Nikasimama katikati ya njia.

“Mupe, tosha kikwembe ya mama.”

Mmoja wa kwaya akacheka. Nikasema tena, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara:

“Uliendaka nayo mu sashe nyeusi. Miye nilikuona.”

Mupe akashusha mikono. Nilijua atanifukuza, nikakaza magoti. Akaja mpaka kwenye ngazi ya altare, akashika kile kitambaa kwa vidole viwili hapa kifuani, akasema, si kwangu peke yangu:

“Mutoto anasema kweli. Ni kikwembe ya mama yake. Alinipatia yee mwenyewe siku ya kilio, masista bakaishona. Sasa haiko tena ya muntu. Haiko ya mupe, haiko ya banduku.” Aliposema banduku, yaani ndugu, alitazama safu za mbele. “Siku itachoka, tutaichoma hapa inje ya kanisa, na majivu itarudia kwa mama. Hakuna muntu ataigeuza tena kikwembe. Munasikia?”

“Tunasikia,” kanisa zima likajibu, kama linavyojibu “Amina”.

Baba mwanamuke alikuwa katika safu ya pili, kitabu cha nyimbo mkononi. Alijibu pamoja nao. Nilimwona mdomo.

Alitungoja nje, kwenye jua. Aliniangalia mimi kidogo, akamwangalia mama kwa muda mrefu, akamwambia kwamba ni mwanamke wa mayele, mjanja, ameficha kikwembe cha watu nyuma ya altare. Mama alikuwa hajasema naye tangu kilio. Akajibu polepole, akimwita yaya, yaani dada mkubwa, kwa ile sauti ya mkeka, sauti ndogo:

“Sikuificha, yaya. Iko mbele ya bantu bote. Kama unaitaka, uende umutoshe nayo mupe.”

Tukaenda zetu. Karibu na nyumbani mama akaanza kucheka. Alicheka akishika ukuta wa jirani, akakaa chini kwenye vumbi na blauzi yake nyeusi, akanivuta nikakaa naye. Ilikuwa mara ya kwanza tangu baba afe. Akanieleza yote. Kwamba ndugu wanaweza kumvua mtu kitu chochote isipokuwa altare. Kwamba alijua watakuja na malle ndiyo itakuwa ya kwanza kutafutwa. Kwamba alifikiri kukiuza, akafikiri kukificha kwa jirani, halafu mupe akaingia na maji yake na wazo likaingia pamoja naye. Nikamuuliza: na ile ya zambarau ni ya mama wa mapacha? Akacheka tena. Akasema hapana, makasula mengine yanaletwa na watu wa kila namna, wengine kwa nadhiri, wengine kwa wafu wao.

“Sasa ile ya zambarau ni ya nani?”

Akafikiri. “Ile sijue,” akasema. “Lakini ni ya muntu.”

Nimekua katika jibu hilo. Kila mwaka kijani kiliporudi, mama alichagua benchi nyuma ya baba mwanamuke, mgongo wake mbele yetu. Mupe alipoinua Mwili wa Kristo, kanisa liliinama, na baba mwanamuke naye aliinama, shingo yake yote, mbele ya kikwembe alichokikosa. Alikuwa akimwinamia Mungu, najua katekisimu. Lakini viti vilikuwepo. Mama hakuwahi kusema neno baya. Siku moja tu, miguu imemvimba kwa kusimama sokoni, nilimwambia atafute stuli ya kukalia, akaniambia: “Miye nimekaa tayari, kule mbele.” Hakuwa akitania.

Mama alikufa msimu wa mvua uliopita. Mupe wetu mrefu alikuwa ameshahamishwa siku nyingi, na kasula ilikuwa imekonda mabegani, njano imefifia. Mama alikuwa ameona. Alinishika mkono kitandani, akasema kama nguo ile imechoka nichukue majivu nimpelekee kaburini. Hakuomba kitu kingine. Hakuomba jiwe, hakuomba misa ya watu wengi. Majivu.

Basi nilikwenda. Mupe wa sasa ni kijana, mpole, amechoka kila siku. Amekuja na makasula mapya yenye lesi, yaliyotarizwa kwa mashine huko ng'ambo, meupe mpaka yanaumiza macho. Nilimweleza ahadi. Akasema ataangalia. Nilirudi, hayuko. Nilirudi, nije wiki ijayo. Nilirudi na Ngalula mgongoni, akaniambia ya zamani yamewekwa ndani ya gunia, tutaona. Nilimwambia tena, kwa maneno mafupi, kama ninavyowaambia ninyi. Akatikisa kichwa kwa huruma. Kisha akaligawa lile gunia kwa wamama wa comité, shukrani kwa kazi zao. Wakakata. Wakagawana, na ya kijani, mgongo na kifua, ikaenda yote kwa baba mwanamuke.

Sasa mnajua nilichoona juu ya kichwa kile.

Ukoo uliniita uani kwa baba mdogo, yule wa radio. Walikuwa wamepanga viti, na changu hakikuwepo, nikabaki nimesimama na mtoto. Waliongea kwa zamu. Kwamba nimemvua baba yangu hadharani. Kwamba natakiwa nilete mbuzi, nipige magoti, nirudishe kitambaa, ndipo atoe neno la kunisamehe. Bwana yangu, mtu wa amani, alikuwa amenishika kiwiko, najua maana yake: tutoe mbuzi tulale. Baba mwanamuke alikuwa amejifunga fulari nyingine, nyeusi. Aliponyoosha kidole hakuninyooshea mimi. Alimnyooshea Ngalula.

“Huyu akipata homa,” akasema, “usikuye kunigongea mulango.”

Nilihisi mtoto akipumua shingoni mwangu. Niwaambie kweli, nilikaribia kupiga magoti. Kuna mambo tumenyonya pamoja na maziwa, huwezi kuyatapika kwa sababu umesoma miaka michache ya biolojia.

“Baba,” nikamwambia, “mulikamata radio, mulikamata godoro, mulikamata mpaka beseni yangu, na mama hakugonga mulango ya muntu. Miye sitagonga. Ile kikwembe haiko yangu, haiko yenu. Itaungua.”

Baba mdogo akasema radio ile ilikuwa imeharibika tayari. Mtu mmoja akacheka, akajuta. Nikatoka.

Na homa ikaja. Niseme pia hilo, wasije wakalisema wao. Ngalula alichemka kama sufuria, bwana yangu akasimama mlangoni na viatu vyake mkononi, hajui avae aende wapi, hospitali au kwa baba mwanamuke. Nilimbeba mtoto mpaka kituo cha afya. Muuguzi akamtia kidole mdomoni, akanirudishia mtoto. Lilikuwa jino.

Asubuhi iliyofuata nikaandika malalamiko yangu. Nikapeleka mwenyewe biro, yaani ofisi, ya parokia, Ngalula akinyonya. Katibu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akasoma mpaka mwisho, akasoma tena. Akaniuliza kama niko tayari kuwashitaki mupe na baba yangu mwanamuke kwa karatasi moja. Akaniomba kwa upole nibadili neno la juu, niandike “Ombi”, maana ombi linapokelewa haraka, malalamiko yanabaki. Nikamwambia yabaki. Nikamwomba apige kashe, muhuri wa parokia. Akasema kashe iko na mupe. Nikasema nitangoja. Nikakaa kwenye benchi lao, nikampa mtoto ziwa la pili, na hatimaye kashe ikapatikana ndani ya mtoto wa meza, chini ya mkono wake mwenyewe. Nakala nikaipeleka kwa askofu siku hiyo hiyo. Hii ndiyo iliyopigwa kashe:

Kwa Padri wa Parokia na Baraza la Parokia. Malalamiko juu ya kasula ya kijani.

Mimi ni binti wa mjane aliyetoa kikwembe chake cha ndoa kwa kanisa hili. Padri aliyekipokea aliahidi mbele ya misa kwamba kikichoka kitachomwa na majivu yatarudi kwa mama. Waumini waliitikia. Wengi wao wako hai, mmoja wao ni dada ya marehemu baba yangu.

Kasula haikuchomwa. Iligawiwa, ikakatwa, ikavaliwa kichwani. Niliieleza parokia ahadi hii zaidi ya mara moja kabla ya hapo.

Nalalamika kwamba ahadi iliyotolewa altareni imevunjwa, na kwamba kitu kilichokimbizwa kwa Mungu ili ndugu wasikichukue, kanisa limewapa ndugu.

Kitambaa cha mgongo ninacho. Nilikichukua kwa mkono wangu na siombi radhi. Cha mbele bado kiko kwa baba yangu mwanamuke, akirudishe. Nitaleta changu siku mtakapowasha moto, mchana, baada ya misa, watu wakiwepo. Si kabla. Majivu nitayapeleka kwa mwenyewe.

Ndani ya gunia lile ilikuwamo pia ya zambarau, na nyekundu, na nyeupe. Baraza liseme zilitoka kwa nani, na wenyewe waitwe. Na kama hakuna anayejua, zirudishwe kutoka kwenye vichwa na meza zilipo, zichomwe pamoja na ya mama. Majivu yasiyo na mwenyewe nitayabeba mimi.